Mafuta Yakikosa pa Kukaa

Mwaka 1998 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, huko Bethesda, walimuunda panya asiye na mafuta meupe mwilini tangu kuzaliwa hadi kufa. Hawakumnyima chakula wala hawakumfanyia upasuaji. Walimpandikizia jeni inayotengeneza protini moja ngeni, na kazi ya protini hiyo ilikuwa kuzikamata protini nyingine ambazo kwa kawaida hukaa juu ya DNA na kuiamuru seli changa igeuke kuwa seli ya mafuta. Amri ikakosekana, na seli za mafuta zikakosekana. Kwa yeyote aliyezoea kusikia kwamba mafuta ndiyo chanzo cha kisukari, panya huyo alitakiwa awe mfano wa afya njema. Aliugua vibaya mno. Ini lake lilivimba na kujaa mafuta, damu ikajaa sukari, na ingawa kongosho lilimwaga insulini nyingi kupita kiasi, insulini hiyo haikufua dafu. Mwaka 2000 watafiti walichukua mafuta ya panya wazima, wakayapandikiza chini ya ngozi ya panya wagonjwa, na kisukari kikaondoka. Kadiri mafuta yaliyopandikizwa yalivyokuwa mengi, ndivyo nafuu ilivyokuwa kubwa.

Ushahidi wa namna hii umerundikana kwa zaidi ya robo karne, lakini mazungumzo yetu kuhusu unene hayajaupokea. Redioni, kliniki na mitandaoni mafuta ya mwili husemwa kama uchafu ulioingia mahali pasipo pake, na mwenye nayo husemwa kama mtu aliyekosa adabu ya kula. Makala hii inatetea hoja tofauti. Seli ya mafuta ni sehemu ya ulinzi wa mwili, uwezo wa kutengeneza seli mpya za aina hiyo ni kinga dhidi ya kisukari na maradhi ya moyo, na ugonjwa huanza pale uwezo huo unapozidiwa. Uwezo wenyewe umeshikiliwa na protini chache zinazotawala jeni. Anayetaka kuelewa kwa nini watu wawili wenye uzito sawa na urefu sawa wanaweza kuwa mmoja mzima na mwingine mgonjwa, hana budi kuzifahamu protini hizo.

Karibu kila seli ya mwili, iwe ya ngozi, ya ini au ya ubongo, imebeba seti ileile ya jeni, zikiwemo karibu 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Kinachoitofautisha seli moja na nyingine ni jeni zipi zinasomwa na zipi zimefungwa. Kazi ya kuamua hilo hufanywa na protini maalumu zinazoingia kwenye kiini cha seli, zikatafuta mfuatano fulani wa herufi za DNA, zikakaa juu yake, kisha zikaita mitambo ya kunakili jeni au zikaizuia isifike. Protini moja ya aina hii inaweza kuamsha mamia ya jeni kwa pamoja. Ndiyo maana kubadilisha chache tu kati yake kunaweza kubadilisha hatima ya seli nzima. Tumboni, mapajani na chini ya ngozi ya nyonga zimo seli changa ambazo bado hazijaamua mambo yao. Nyingine za ukoo wao, zilizomo kwenye uboho, zinaweza kuwa mfupa au mafuta kutegemea ni protini ipi iliyotangulia kushika usukani.

Sehemu kubwa ya tunachokijua ilianzia kwenye sahani za maabara. Mwaka 1974 Howard Green na wenzake wa chuo kikuu cha MIT, jirani na Boston, walikuwa wakikuza seli zilizotokana na vijusi vya panya, wakaona kwamba baadhi zilikuwa zikijaza matone ya mafuta zenyewe. Walizitenga, wakazikuza, na ukoo huo wa seli, unaoitwa 3T3-L1, bado unatumika hadi leo ulimwenguni kote. Utaratibu wake unastahili kutazamwa kwa karibu. Seli huachwa zikue hadi zigusane na kuacha kugawanyika, zikiwa bapa, nyembamba, zenye ncha mbili. Siku ya pili baada ya hapo mtafiti huzimiminia mchanganyiko wa vitu vitatu: insulini, kemikali inayozuia ujumbe fulani wa ndani ya seli usivunjwe, na deksamethasoni, dawa ileile inayouzwa kwenye maduka ya dawa mitaani kwetu. Ndani ya saa chache protini mbili, C/EBP-beta na C/EBP-delta, huongezeka. Seli hugawanyika tena mara moja au mbili, kisha huacha kabisa. Siku chache baadaye huibuka protini nyingine mbili, C/EBP-alfa na PPAR-gama, na hizi huamshana: kila moja huiongezea nguvu jeni ya mwenzake, hivyo uamuzi ukishafikiwa haurudi nyuma hata mchanganyiko wa awali ukiondolewa. Seli huviringika na kujaza vitone vinavyong'aa chini ya darubini. Kufikia siku ya nane hivi, ukimwaga rangi nyekundu inayoshika mafuta, sahani nzima huwa nyekundu kiasi cha kuonekana kwa macho matupu.

Kati ya protini hizo, PPAR-gama ndiyo yenye kauli ya mwisho. Mwaka 1994 Peter Tontonoz na Bruce Spiegelman, wakifanya kazi Boston, waliiingiza kwenye seli ambazo hazikuwa na mpango wowote wa kuwa mafuta, nazo zikageuka kuwa mafuta. Mwaka 2002 ilithibitishwa pia upande wa pili: seli isiyo na PPAR-gama haigeuki hata ukiijaza C/EBP-alfa, ilhali PPAR-gama inaweza kuifanya kazi hiyo bila C/EBP-alfa, ingawa seli inayotokea huwa haiisikii insulini sawasawa. Protini hii ina sifa nyingine inayoifanya iwe ya pekee. Ina mfuko ndani yake unaoweza kushika molekuli zinazotokana na mafuta yenyewe, na ikizishika hubadilika umbo na kuongeza kasi ya kazi. Yaani mwili umejiwekea namna ya kutambua kwamba mafuta yameongezeka na kuagiza pa kuyaweka patengenezwe.

Sifa hiyo ndiyo iliyofumbua fumbo la muda mrefu katika tiba. Miaka ya 1980 wanasayansi wa Japani walikuwa wamegundua familia ya kemikali zilizoteremsha sukari kwa panya wenye kisukari, bila yeyote kujua zinafanyaje kazi. Mwaka 1995 ikaonekana kwamba zilikuwa zikiingia moja kwa moja kwenye mfuko wa PPAR-gama. Dawa zilizozaliwa humo, zikiwemo rosiglitazoni na pioglitazoni, ziliwafanya wagonjwa wapate jambo ambalo kwa mantiki ya kawaida halikuwezekana: uzito wao uliongezeka na sukari yao ikashuka. Vipimo vya picha vilipotazama ndani, vilikuta mafuta yamepungua kwenye ini na yameongezeka chini ya ngozi. Mgonjwa hakuwa amepoteza mafuta. Yalikuwa yamehamishwa.

Hapa ndipo hoja inaposimama. Mwili unaopokea chakula kingi kuliko unachotumia utayaweka mafuta mahali fulani, utake usitake. Seli za mafuta za chini ya ngozi, hasa za nyonga na mapaja, ni kama kihenge kilichojengwa kwa kazi hiyo: huyafungia mafuta ndani bila kuyaachia ovyo kwenye damu. Zikiweza kuongezeka idadi, kila moja hubaki ndogo na yenye utulivu. Zisipoweza, zile zilizopo huvimba, hukosa oksijeni ya kutosha, baadhi hufa, seli za kinga huja kusafisha na kuleta uvimbe wa ndani kwa ndani usiokwisha, na mafuta yanayozidi huvuja kwenda kwenye ini, misuli na kongosho. Misuli na ini vikijaa mafuta huacha kuitii insulini. Kongosho hulazimika kutoa zaidi na zaidi, mpaka lenyewe linachoka. Kwa maelezo haya, kitambi cha mtu mwenye miguu myembamba kina maana tofauti kabisa na unene wa mtu aliyejaa nyonga, hata kama mizani inawasomea kilo zilezile.

Ushahidi kutoka kwa binadamu unaelekea upande huohuo. Mwaka 1999 timu ya Cambridge, Uingereza, ilieleza habari za watu watatu waliozaliwa na kasoro katika jeni ya PPAR-gama. Kasoro hiyo iliifanya protini yao iliyoharibika izuie hata ile nzima. Wote walikuwa na ukinzani mkali wa insulini, na kwenye familia hizo kisukari na shinikizo la damu vilikuja mapema kuliko kawaida. Baadaye ilionekana kwamba watu wenye kasoro za namna hii hupungukiwa mafuta ya mikono, miguu na makalio. Mtu anaweza kusema hao ni wachache mno, wagonjwa wa nadra, hawatufundishi lolote kuhusu umma. Lakini mwaka 2017 uchambuzi mkubwa wa vinasaba ulibaini maeneo 53 ya DNA ambayo tofauti zake ndogondogo, za kawaida kabisa kwa watu wa kawaida, huambatana na ukinzani wa insulini, na alama iliyojitokeza kwa wenye tofauti hizo ilikuwa upungufu wa mafuta ya nyonga na miguu. Ugonjwa wa nadra ulikuwa unaonyesha kwa ukali kile ambacho kwa wengi kipo kwa kiasi kidogo. Na kwa panya, mwaka 2007, maabara moja ya Texas iliongeza homoni ya adiponektini kwa panya walafi wa kuzaliwa. Panya hao walinenepa kuliko ndugu zao waliokwishakuwa wanene kupindukia, lakini sukari yao ikawa ya kawaida na ini lao likawa halina mafuta mengi. Walikuwa wamepata nafasi ya kutosha chini ya ngozi.

Afrika Mashariki imewahi kuyaona haya kwa macho yake, ingawa wakati ule wengi hawakujua walichokuwa wakikitazama. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kuwafikia watu kwa wingi miaka ya 2000, mchanganyiko wa kwanza katika nchi nyingi za Afrika ulikuwa na stavudini, kwa sababu ilikuwa rahisi kwa bei na iliokoa maisha. Baada ya miezi au miaka kadhaa baadhi ya watumiaji walianza kubadilika sura. Mashavu yaliingia ndani, mishipa ya mikono na miguu ikajitokeza juu ya ngozi, makalio yakabapa, na kwa wengine tumbo na kisogo vikaongezeka. Jirani aliyemwona mtu wa namna hiyo alidhani ugonjwa umemrudia, au alitambua mara moja anatumia dawa gani, na siri ikawa haipo tena. Kilichokuwa kikitokea ni kwamba stavudini ilikuwa ikiharibu mitokondria, vinu vya nishati, ndani ya seli za mafuta. Kundi jingine la dawa, linalozuia kimeng'enya cha virusi kiitwacho protisi, lilivuruga protini za kutawala jeni zenyewe: watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka 2002 kwamba mafuta ya wagonjwa waliokonda kwa namna hiyo yalikuwa na upungufu wa SREBP1, protini inayosaidia kuiamsha PPAR-gama. Na pamoja na kukonda huko, vipimo vya damu vya wengi viliharibika, mafuta yakipanda na insulini ikikosa kutiiwa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziiondoe stavudini. Watu waliokuwa wamepoteza mafuta ya mapaja na mashavu walikuwa wamepoteza kinga, na hospitali zilizowahudumia zilikuwa zikiiona fiziolojia hii ana kwa ana kila siku ya kliniki.

Pingamizi la kwanza linakuja lenyewe. Kama seli za mafuta ni kinga, kwa nini tusizizalishe kwa makusudi, kwa vidonge, na kuliacha suala la chakula? Jibu limo kwenye historia ya dawa zilezile. Troglitazoni, ya kwanza kuingia sokoni Marekani mwaka 1997, iliondolewa mwaka 2000 kwa kuharibu maini ya baadhi ya wagonjwa. Rosiglitazoni ilisimamishwa Ulaya mwaka 2010 kwa hofu ya moyo, ingawa Marekani ilikuja kulegeza masharti yake mwaka 2013. Pioglitazoni bado ipo na inawafaa baadhi ya wagonjwa, lakini inashikilia maji mwilini, hivyo haifai kwa mwenye moyo ulioanza kushindwa, na wanawake wanaotumia dawa za jamii hii huvunjika mifupa zaidi. Hilo la mifupa halishangazi ukikumbuka zile seli za uboho zinazoweza kwenda pande mbili: ukiisukuma PPAR-gama, seli iliyokuwa iwe mfupa inakuwa mafuta. Protini inayotawala mamia ya jeni katika viungo vingi haisukumwi mahali pamoja tu. Aliyedhani amepata kitasa kimoja cha mlango mmoja alikuwa ameshika cha nyumba nzima.

Kuna sura nyingine ya pingamizi hilo, ya hatari zaidi kwetu, nayo ni dawa za kunenepesha. Deksamethasoni, ile ya kwenye sahani ya maabara, imekuwa ikimezwa bila cheti na watu wanaotaka mwili ujae. Watafiti wameandika juu ya matumizi hayo mjini Kinshasa, na vidonge na sindano za kuongeza mwili hazikosi soko katika miji mingine ya ukanda huu. Kwamba dawa hii inasaidia kuzaa seli za mafuta ni kweli. Ila inapoingia kwenye mwili mzima, na kwa dozi za kila siku, hailengi nyonga. Hulundika mafuta tumboni, usoni na kisogoni, hula misuli ya mikono na miguu, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na huzilaza tezi za adrenali kiasi kwamba anayeiacha ghafla anaweza kuzimia na kufa. Kinachotokea ni kinyume kabisa cha mgawanyo wa mafuta unaolinda. Kwa hiyo hoja ya makala hii haimpi mtu yeyote ruhusa ya kwenda kununua kidonge cha kunenepa, na muuzaji anayekitoa kaunta bila kuuliza swali anamdhuru mteja wake.

Pingamizi la pili ni la kisayansi na lina uzito zaidi. Mwaka 1999 watafiti wa Tokyo walifuga panya wenye nakala moja tu ya jeni ya PPAR-gama badala ya mbili, wakawalisha mafuta mengi. Kwa hoja yangu panya hao walipaswa kuugua mapema. Walistahimili: seli zao za mafuta zilibaki ndogo na insulini yao iliendelea kufanya kazi. Je, si ushahidi kwamba kupunguza PPAR-gama ndiko kunakolinda? Ukisoma matokeo yote jibu linajitokeza. Panya wale walitoa homoni ya leptini kwa wingi, ile inayouambia ubongo kwamba akiba inatosha, na hawakulimbikiza mafuta kama wenzao. Mzigo ulipunguzwa kabla ya kufika, kwa hiyo nafasi haikuhitajika. Hali hiyo ni tofauti na ya mwili unaopokea mzigo uleule huku nafasi imezibwa. Majaribio ya baadaye yaliyoiondoa PPAR-gama yote kwenye seli za mafuta yaliwaacha panya bila mafuta, wakiwa na ini lililojaa na kisukari, sawasawa na wale wa Bethesda. Na wale watatu wa Cambridge walikuwa na nakala moja nzima, wakaugua hata hivyo. Nakubali kwamba kiasi kinachofaa cha protini hii kina mipaka ya juu na ya chini. Ninachokataa ni kwamba kuizima ni njia ya afya.

Wengine watauliza: kama tatizo ni nafasi, kupunguza uzito kunasaidia nini? Kunasaidia sana, na nadharia hii ndiyo inayoeleza kwa nini. Mwaka 2008 Kirsty Spalding na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walitumia kaboni ya mionzi iliyosambaa angani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia kupima umri wa seli za mafuta za watu. Walikuta kwamba idadi yake hupangwa utotoni na ujanani, kwamba mtu mzima hubadilisha karibu asilimia 10 ya seli hizo kila mwaka, zinazokufa zikifidiwa na mpya, na kwamba hata aliyepungua uzito kwa upasuaji wa tumbo habaki na seli chache zaidi. Zinakuwa ndogo tu. Anayepungua, basi, hupunguza shehena na kuziacha seli zake zipumue. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2017 liliwapa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili mlo wa nishati ndogo, na baada ya mwaka mmoja asilimia 46 walikuwa hawana tena kisukari bila dawa, wakati katika kundi la kulinganisha walikuwa asilimia 4. Mafuta yalikuwa yametoka kwenye ini na kongosho. Hawakuhitaji kuwa wembamba. Walihitaji kurudi chini ya kiwango ambacho mwili wa kila mmoja wao uliweza kukihifadhi salama, na kiwango hicho hakifanani kwa watu wote. Jambo hili linapaswa kumtia moyo mgonjwa mnene anayeambiwa kila mara afikie uzito wa kwenye jedwali: kilo kumi na tano zinaweza kumtosha hata kama jedwali bado linamwita mnene.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka jirani. Nchini Uganda, karibu theluthi moja ya watu wazima wanaogunduliwa kuwa na kisukari ni wembamba, na walipopimwa ilionekana kwamba shida yao kubwa ni kongosho kutoa insulini kidogo, kuliko insulini kutotiiwa. Kwa watu hao habari ya seli za mafuta haielezi ugonjwa, au inaeleza sehemu yake ndogo, na kuwahimiza wapungue uzito ni kuwaumiza. Hoja yangu inahusu njia moja ya kuelekea kisukari, iliyo kubwa na inayozidi kupanuka mijini, na haipaswi kunyooshwa hadi ifunike kila mgonjwa. Lakini hata hapa kuna somo lilelile: mizani peke yake haikumwona mgonjwa mwembamba, kama ambavyo haimtambui mnene aliye salama.

Tahadhari hiyo inahusu vinasaba pia. Jeni iliyopata umaarufu mkubwa katika habari za unene tangu mwaka 2007 inaitwa FTO. Mwaka 2015 timu ya Boston ilionyesha kwamba tofauti ya herufi moja katika eneo hilo huifanya protini moja ya kuzuia jeni ikose pa kushika, hivyo jeni mbili za mbali, IRX3 na IRX5, zikaamka, na seli changa ya mafuta ikaelekezwa kuhifadhi nishati badala ya kuiunguza kuwa joto. Ni kazi nzuri mno, na inaonyesha tena jinsi protini hizi zinavyoamua mambo. Ila herufi hiyo ya hatari inapatikana kwa takriban asilimia 44 katika jamii za Ulaya, na kwa asilimia 5 hivi katika jamii za Afrika. Anayetangaza kipimo cha jeni ya unene Dar es Salaam au Nairobi kwa kuitegemea FTO anauza jibu la swali la watu wengine.

Tatizo hilo la kuazima majibu limefika hadi kwenye utepe wa kupimia kiuno, kifaa cha bei nafuu kuliko vyote kinachoweza kutuambia mafuta yamekaa wapi. Mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari wa mwaka 2006 ulizishauri nchi za Afrika kusini mwa Sahara zitumie vipimo vya Wazungu, sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, mpaka takwimu zao zenyewe zitakapopatikana. Takwimu zimepatikana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliounganisha watu zaidi ya 24,000 kutoka nchi nane za kanda hii, ulikuta kwamba hatari huanza kwenye sentimita 81 hivi, kwa wanaume sawa na kwa wanawake. Kwa mwanamke mabadiliko ni madogo. Kwa mwanamume ni sentimita 13 ambamo anaambiwa yuko salama wakati ini lake huenda limeshaanza kupokea mafuta yasiyokuwa na pa kukaa.

Pa kuanzia kuutumia utepe huo pangeweza kuwa kliniki za VVU, ambako mamilioni ya watu hupimwa uzito kila wanapokwenda kuchukua dawa. Dolutegravir, iliyomo kwenye mchanganyiko wa sasa, ni dawa bora na haiwakondeshi mashavu watu kama stavudini ilivyofanya. Lakini jaribio la Johannesburg lililochapishwa mwaka 2019 lilionyesha kwamba watumiaji wake huongezeka uzito, wanawake kuliko wanaume, na zaidi ikiambatana na aina mpya ya tenofovir, dawa nyingine ya VVU. Wanasayansi wanaendelea kubishana ni kiasi gani cha ongezeko hilo ni kurudi kwa afya na ni kiasi gani ni cha dawa yenyewe. Kwa muuguzi aliye mezani, swali la karibu zaidi ni kama kilo hizo zimekwenda nyonga au tumbo. Kuandika mzunguko wa kiuno na wa nyonga pembeni ya uzito huchukua dakika moja, na kwa mgonjwa ambaye kiuno kinapanuka huku nyonga imesimama palepale, kipimo cha sukari kifanyike siku hiyohiyo, kabla hajaondoka na dawa zake za miezi mitatu.